Kutoka Goma mpaka Walikale: kilometa ngapi, na ndege inatumia dakika ngapi?

Ukipima kwenye karte kwa mstari ulionyooka, Goma na Walikale-centre vinaachana karibu kilometa 130 tu. Ndege ndogo kama Let 410 ao Cessna Caravan inapita kilometa 300 kwa saa. Kwa hiyo angani inakata hiyo njia kwa dakika 25 hivi. Ongeza kupanda na kutua, tuseme nusu saa. Elikopta ni ya polepole, inaweza kukaribia dakika 40.

Chini ni habari ingine kabisa. Goma–Sake ni karibu kilometa 25. Pale Sake njia inagawanyika: moja inafuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu, ingine inapanda Mushaki. Masisi-centre iko kwenye kilometa 80 hivi za barabara, lakini kwa mstari ulionyooka hazifike 60, ni sababu ya milima. Kisha Nyabiondo, Kashebere, Kibua, Mpofi. Huko usiulize kilometa. Uliza kama mvua imenyesha, daraja likoje, na barieri ni ngapi. Kamio inahesabu siku, motari anaipita.

Ndiyo maana ndege ilikuwa na kazi kubwa. Lakini haikuwa inatua Walikale-centre. Miaka ya 2008 na 2009 ilikuwa inatua Kilambo, upande wa Mubi, juu ya lami ya barabara yenyewe, RN3: watu na magari wanasogea kando, ndege inashuka! Ilikuwa inakuja kuchukua kasiterite ya Bisie, yenye wabebaji walitoa porini kwa mgongo, mwendo wa siku nzima na zaidi, mpaka Njingala. Kutoka Goma ilileta pombe, sabuni, unga. Kwa hiyo sabuni ya Mubi ilikuwa na bei ya ndege ndani yake, hata kwa mama mwenye hajapanda ndege siku moja. Mwezi wa 9, 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini mpaka mwezi wa 3, 2011. Madini yaliposimama, ndege nazo zilikosa mzigo.

Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, uwanja wa ndege ulifungwa. Tarehe 19 Machi M23 ikafika Walikale-centre, ikatoka mwanzo wa Aprili. Ile nusu saa ikabaki hesabu ya karatasi. Mtu wa Goma mwenye kutaka ndege akaanza kuvuka mpaka kwenda Kigali, karibu kilometa 160 za lami. Mtu wa Walikale anatazama Kisangani: zaidi ya kilometa 400 kwa RN3, mara tatu ya ule mstari wa karte.