Theluthi ya Mshahara

Nilikuwa karani wa Leta, yaani serikali, hapa Lubumbashi, na barua za adhabu za watumishi zilipita mikononi mwangu ndipo zipate muhuri. Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Golf, nyuma ya majumba ya wakubwa. Vijana wa mtaa huniambia nchi hii haijawahi kuwa na sheria ya kumwadhibu mtumishi mwizi. Wanangu, sheria ipo, tena ya zamani.

Kanuni ya adhabu ya 30 Januari 1940, urithi wa Wabelgiji, inatumika mpaka leo, ingawa imetiwa viraka vingi. Kiraka kikali ni cha 5 Januari 1973: afujaye mali ya Leta hupewa kazi ngumu mwaka 1 hadi 20, na akishatoka gerezani hapigi kura wala hagombei kwa miaka 5 hadi 10, tena haajiriwi na Leta. Miaka mitatu baadaye, Mei 1976, Mobutu alisimama uwanjani Kinshasa akawaambia watu kwamba mwenye kuiba aibe kidogo na kwa akili. Baba yangu, karani pia, aliyasikia hayo redioni, akaizima. Rais akishasema hivyo, hakimu amfunge nani katika gereza la Kasapa?

Nilipoingia kazini, tulifuata sheria ya 17 Julai 1981. Ilikuwa na ngazi nne: karipio la maandishi, kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kwa muda bila malipo, kufukuzwa. Mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujitetea kwa barua, na wengi walijitetea vizuri kuliko wakubwa wao walivyoshtaki. Waliokuja mezani kwangu walikuwa tarishi, mpokea kodi wa soko, mpiga muhuri aliyekula matabishi, yaani hongo. Mkurugenzi sikumwona hata mmoja.

Kisha pesa zikafa. Oktoba 1993 zaire 3,000,000 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Theluthi ya mshahara haikutosha tena kununua unga wa bukari, na mtu asiyelipwa humkati kitu. Hapo ndipo adhabu ilipokosa meno, na matabishi yakawa ndiyo mshahara wenyewe.

Siku hizi wakubwa nao hufikishwa mahakamani. Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alihukumiwa miaka 20 Juni 2020, rufaa ikaipunguza hadi 13, na Juni 2022 akaachiwa huru. Septemba 2025 Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, alipewa miaka 3 ya kazi ngumu. Nafurahi kuona milango hiyo ikifunguliwa, lakini kesi hungoja hadi pesa zimeshapotea.

Ninaiamini zaidi ibara ya 99 ya Katiba ya 2006. Rais na mawaziri wataje mali zao mbele ya Mahakama ya Katiba kabla ya kuanza kazi na baada ya kumaliza. Siku 30 zikipita bila tamko, mhusika huhesabiwa amejiuzulu. Wabunge wetu wa Haut-Katanga, daini matamko hayo yasomwe hadharani, na asiyetangaza aondoke.