Jina Ndani ya Nakala: Michezo ya Mzingile na Safari Yake hadi Eastlands

Mtaa wa Muthurwa ulizaliwa na reli. Serikali ya kikoloni iliwajengea wafanyakazi Waafrika wa reli makao hapa, nyumba za chumba kimoja kimoja zenye maji na vyoo vya pamoja, mwendo mfupi tu kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Barabara ya Landhies inapita kando yake. Jirani kuna soko la Wakulima, ambalo wenyeji wanaliita Marikiti, kisha stendi ya mabasi ya Machakos, na mbele kidogo Gikomba. Mwaka 2008 serikali ilifungua soko na kituo cha matatu papo hapo Muthurwa, na wachuuzi walioondolewa katikati ya jiji wakaelekezwa huko. Bidhaa ikishushwa hapa alfajiri, jioni imeshapanda gari kwenda Kayole, Kitui au Kakamega.

Anayetaka kuandika historia ya michezo ya kompyuta jijini Nairobi atafanya vyema kuanzia mahali kama hapa. Kabla intaneti haijaenea, programu zilifika mjini kama zilivyofika mitumba na kanda za benga, mkono kwa mkono, nakala baada ya nakala. Habari hiyo imezoeleka kusimuliwa kama habari ya wizi, na kwa kipimo cha sheria mara nyingi ni kweli. Lakini mimi naona jambo kubwa zaidi ndani yake. Bidhaa ilifika kote bila lori wala ghala, ila malipo hayakuwa na njia ya kumrudia aliyeitunga. Na katika miaka ile ile, ng'ambo ya bahari, walikuwapo watunzi wa programu waliotamani kazi zao zisambae namna hiyo hiyo, wakakesha wakitafuta jinsi ya kuitengeneza ile njia ya kurudi.

Wa kwanza kujulikana ni Andrew Fluegelman wa California. Mwaka 1982 alitunga PC-Talk, programu ya kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu. Akaandika ndani ya programu yenyewe kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuinakili na kumpa mwenzake, na atakayeona inamfaa amtumie yeye dola 25. Jim Knopf alifanya karibu vivyo hivyo na PC-File, programu yake ya kutunza kumbukumbu. Mwaka 1983 Bob Wallace, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo kabisa wa Microsoft, alitoa PC-Write, programu ya kuandikia, na mpango wake ulikuwa wa kibiashara zaidi. Aliyelipa dola 75 alipewa nakala yenye namba yake mwenyewe. Akiigawa, kisha mtu mwingine akalipia kwa kupitia nakala hiyo, yule wa kwanza alitumiwa dola 25. Mfumo huu ndio ulioitwa sheawea. Mchuuzi wa Muthurwa asingehitaji kuelezwa mara mbili mpango wa Wallace, kwa kuwa kamisheni ya kumletea mtu mteja ndiyo inayomlipia chakula cha mchana.

Michezo ilikuwa na ugumu wake. Programu ya kazi mtu anailipia kwa sababu kesho ataihitaji tena. Mchezo akishaumaliza, hana sababu ya kutuma hundi. Scott Miller, kijana wa Garland huko Texas, aliyaona hayo kwa macho yake, kwani michezo yake ya awali ilinakiliwa sana na kumletea fedha kidogo. Mwaka 1987 akaja na Kingdom of Kroz, mchezo wa mzingile.

Kroz inastahili kutazamwa kwa karibu. Haina picha hata moja. Kuta, milango, ngazi na majini, vyote ni herufi na alama zilizomo tayari ndani ya kompyuta, na mchezaji mwenyewe ni kile kialama cha uso unaotabasamu. Anapita vichochoroni akiokota vito na mijeledi. Mjeledi unaua jini na unaweza kubomoa baadhi ya kuta, lakini kila unapochapa unapungua mmoja. Jini likikugusa linakula kito, na vito vikiisha umekufa. Kwa hiyo katika kila chumba unapiga hesabu: nitumie mjeledi sasa, au nizunguke nibaki nao kwa chumba kijacho? Mchezo mzima ulikuwa mdogo kiasi cha kuenea kwenye disketi moja ya inchi 5.25, ile iliyobeba kilobaiti 360. Kunakili disketi kama hiyo hakukuhitaji fundi.

Ubunifu mkubwa wa Miller ulikuwa kwenye leseni. Aligawa mfululizo wake katika sehemu. Ya kwanza aliiachia ikanakiliwe kokote duniani, nayo ilikuwa mchezo kamili. Anayemaliza alikuta maelezo ya jinsi ya kuagiza sehemu zinazofuata, pamoja na anwani ya posta. Hapakuwa tena na ombi la hisani. Yaliyobaki yalikuwa mauzo. Kampuni yake, Apogee, ilijengwa juu ya msingi huo, na ndiyo iliyosambaza Wolfenstein 3D ya id Software tarehe 5 Mei 1992. Huo nao ni mzingile, safari hii ukitazamwa kwa macho ya anayekimbia ndani yake: hatua 60 katika sehemu sita, na hatua 10 za kwanza hazikulipiwa. Doom ikafuata Desemba 1993, na id wakawaruhusu wenye maduka kuuza diski za sehemu ya bure na kubaki na fedha yote, mradi sehemu hiyo iwafikie watu.

Masharti ya leseni za aina hii yalifanana. Nakili upendavyo, lakini mafaili yote yaende pamoja, usibadilishe kitu, usifute jina la mtunzi, na usitoze zaidi ya gharama ya diski na usumbufu wako. Naliona sharti la jina kuwa ndilo lililobeba mengine yote. Nakala ya kumi, hata ya elfu moja, bado ilimtaja aliyeitunga na mahali pa kumpata.

Sasa turudi Nairobi. Kompyuta ya nyumbani haikuwa kitu cha Muthurwa wala Makongeni katika miaka ya 1980. Vijana wengi wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki ya jiji, walikutana na kompyuta mara ya kwanza katika vyuo vya kompyuta vya katikati ya jiji, vile vilivyofundisha pakeji: WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase. Aliyepitia huko atakumbuka disketi iliyozunguka darasani mwalimu akitoka, yenye Digger, Pac-Man au Prince of Persia. Hizo tatu zilikuwa bidhaa za duka zilizonakiliwa bila ruhusa, nyingine zilizozunguka nazo zilikuwa sheawea, na kwenye disketi iliyoandikwa kwa kalamu hakuna aliyejua ipi ni ipi.

Tuseme basi kijana mmoja kati yao alifika mwisho wa sehemu ya kwanza ya Kroz, akasoma ile anwani ya Garland, akataka kulipa. Angelipaje? Sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ilikuwa ingali na nguvu. Kukaa na dola mfukoni bila idhini lilikuwa kosa, na malipo ya nje yalipitia benki kwa kibali. Udhibiti ulilegezwa hatua kwa hatua, na sheria yenyewe ikafutwa mwishoni mwa 1995. Njia ya simu nayo ilibanwa. Kituo cha kimataifa cha mazingira cha ELCI kiliendesha Nairobi kituo cha FidoNet, mtandao wa kutumiana ujumbe kwa laini za simu, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, lakini Oktoba 1995 shirika la posta na simu, KPTC, lilitangaza gazetini kwamba huduma za intaneti hazikuwa halali. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema Mwafrika hapendi kulipia programu, namuuliza ni dirisha gani alilofunguliwa akakataa kulipa.

Mzingile ulioingia kweli mitaani ulikuja kwa televisheni. Ni mashine zilizoiga Famicom ya Nintendo, ambayo ilitoka Japani mwaka 1983, pamoja na kaseti zake za plastiki zilizodai kubeba gemu mia au maelfu. Mwenye mashine na televisheni alifungua chumba, akaweka benchi, watoto wakalipa shilingi chache kwa zamu. Iliyopendwa sana ilikuwa gemu ya vifaru. Wawili wanacheza pamoja, wanapita katikati ya kuta za matofali yanayobomoka, wakimlinda ndege aliyefichwa chini ya skrini. Kampuni ya Namco iliitoa mwaka 1985 kwa jina la Battle City, na skrini ya kwanza ilikuwa na jina la Namco na mstari wa hakimiliki. Katika kaseti za mia kwa moja mara nyingi ilikuja kama Tank 1990, nakala iliyochezewa: ramani zimebadilishwa, jina jipya limewekwa, na Namco imefutwa.

Hapo ndipo ninapoiona hasara yenyewe. Sheawea iliachia nakala ikalinda jina. Kaseti zile ziliuza nakala zikaua jina. Watoto wa Eastlands waliujua mchezo ule kona kwa kona bila hata mmoja kuambiwa kwamba kuna mtu alikaa akaupanga, na kwamba kazi hiyo ni kazi ambayo hata yeye angeweza kuifanya. Fedha ambazo Namco haikupata kutoka Nairobi hazikuiangusha. Fikra iliyopotea kwetu ilikuwa ya thamani zaidi.

Sheria ilikuja kuweka mambo wazi baadaye. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1993. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2003, inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, pamoja na riwaya na mashairi, na inamruhusu mwenye nakala halali kujiwekea nakala ya akiba. Sheria hiyo pia ndiyo iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ni sheria nzuri, ila sheria haijengi njia ya malipo.

Njia hiyo ilijengwa na simu. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na mtu wa Muthurwa akaweza kwa simu yake kumtumia mtu asiyemjua kiasi kidogo cha fedha bila benki. Mwaka huo huo Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi, mojawapo ya michezo ya mwanzo ya pande tatu kutungwa Kenya, na baadaye alishiriki kuanzisha Leti Arts. Miaka michache mbele, Planet Rackus wakatoa Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu kwenye simu. Wakati huo wauzaji wa barabarani walikuwa tayari na kompyuta ndogo mezani, wakimjazia mteja nyimbo na gemu kwenye memori kadi. Vitu viwili ambavyo Miller alivitegemea, mkono unaonakili na njia ya kulipa, sasa vilikuwa katika mtaa mmoja.

Apogee iliachia mfululizo wa Kroz bure mwaka 2009, pamoja na msimbo wake, kwa hiyo yeyote anaweza kuucheza na kuusoma ulivyoandikwa. Kumbukumbu zetu hazina bahati hiyo. Nyumba za reli za Muthurwa zenyewe zilitaka kubomolewa mwaka 2010, wapangaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Familia zinapohamishwa, kasha la disketi ndilo la kwanza kuachwa. Kwa hiyo nawaomba wasomaji: mliowahi kusoma pakeji, mlioendesha chumba cha gemu, mlio na kaseti ya vifaru chini ya kitanda, msizitupe. Nakilini yaliyomo kwenye disketi mapema, kwa kuwa sumaku yake inafifia, na andikeni kwenye karatasi mlizipata wapi na kwa nani. Na wanaotunga michezo leo waandike majina yao na namba ya kulipia kwenye skrini ya kwanza ya mchezo, kisha waache nakala iende.