Baridi yabisi au fibromialjia? Kuishi na maumivu yasiyoonekana kwa jicho

Katika mitaa ya Bwiza, mtu akilalamika kwamba magoti, mgongo au mabega yanamuuma, jibu huja upesi: “Hiyo ni baridi yabisi.” Jina hilo moja limebebeshwa maradhi mengi. Hubeba ugonjwa unaoharibu viungo vya vidole hadi vikapinda. Hubeba magoti yaliyochakaa kwa umri, na kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku baada ya karamu ya mishikaki na bia. Hubeba pia maumivu ya mtu ambaye vipimo vyake vyote vimetoka salama, na ambaye nyumbani ameanza kuitwa mvivu.

Makala hii inamhusu hasa huyo wa mwisho. Yumkini maradhi yake yana jina, nalo ni fibromialjia. Kulijua jina hilo, na kulitenganisha na mengine, kunaweza kumwokoa na mambo mawili: dawa zisizomfaa, na shutuma asizostahili.

Majina ya maumivu

Neno “yabisi” maana yake ni kavu. Baridi yabisi, basi, ni baridi kavu, jina linalokumbusha tiba ya kale iliyoyapima maumbile ya mwanadamu kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Wapo wagonjwa wanaohisi maumivu yakizidi hali ya hewa inapobadilika, lakini baridi siyo inayozaa magonjwa haya. Bujumbura ni mji wa joto ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na wakazi wake wanaumwa viungo kama wengine.

Lugha za Afrika Mashariki zimeupa ulimwengu majina mawili ya magonjwa ya viungo. Chikungunya ni neno la Kimakonde linaloeleza mtu aliyekunjamana kwa maumivu. Homa hiyo ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. O'nyong-nyong ni neno la Kiacholi lenye maana ya viungo kulegea na kuuma, na liliingia katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa Uganda wa mwaka 1959. Magonjwa hayo mawili huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, na huanza kwa homa ambayo kila mtu nyumbani huiona.

Fibromialjia haina homa wala uvimbe. Jina lake limeungwa kwa Kilatini na Kigiriki, na tafsiri yake ni maumivu ya nyuzi na misuli. Sisi tunaotafsiri habari za afya kutoka Kifaransa hatuna neno letu la kulitaja, na mgonjwa asiye na neno la kuutaja ugonjwa wake hupata taabu kuaminiwa.

Fibromialjia ni nini?

Ni maumivu yaliyoenea mwilini, kwa kawaida upande wa kulia na wa kushoto, juu ya kiuno na chini yake, yanayodumu kwa miezi 3 au zaidi. Huandamana na uchovu mzito, usingizi usioburudisha hata mtu akilala saa nyingi, na akili kuwa kama imefunikwa na ukungu: kusahau maneno, kushindwa kufuata mazungumzo. Wengine huumwa kichwa au tumbo mara kwa mara. Wanaotambuliwa kuwa nayo wengi wao ni wanawake, ingawa wanaume na vijana pia huipata.

Wataalamu wanaeleza kwamba tatizo limo katika namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyoshughulikia taarifa za maumivu. Mfano wake ni redio iliyofunguliwa sauti mno: mguso ambao kwa mwingine ni mdogo, kwa mgonjwa huyu huwa uchungu. Viungo vyenyewe haviharibiki. Ndiyo sababu picha ya mionzi haionyeshi kitu na vipimo vya damu hutoka vizuri. Kutoonekana huko hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeyaweka katika kundi la maumivu sugu yaliyoenea mwilini.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha ugonjwa huu. Kwa vigezo vya Chuo cha Marekani cha magonjwa ya baridi yabisi vya mwaka 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili na kutafuta angalau 11 zenye uchungu. Tangu mwaka 2010 vigezo vipya vinamtaka zaidi amsikilize mgonjwa: ni sehemu ngapi zinauma, usingizi ukoje, uchovu ukoje, na hali hiyo imeanza lini.

Kuyatenganisha maradhi

Kabla ya kusema fibromialjia, daktari huangalia magonjwa mengine yanayofanana nayo au yanayoweza kuwepo pamoja nayo.

Baridi yabisi ya kinga ya mwili: kinga hushambulia viungo vyenyewe, hasa vya vidole na vifundo vya mikono. Viungo huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima au zaidi. Huu hautakiwi kungojewa, kwani ukichelewa kutibiwa huharibu viungo moja kwa moja.

Kuchakaa kwa viungo: gegedu, ile sehemu laini inayokinga ncha za mifupa, hulika polepole. Huwapata zaidi wazee, watu wenye uzito mkubwa na waliobeba mizigo miaka mingi. Maumivu huzidi mtu akitembea na hupungua akipumzika. Kukakamaa kwa asubuhi kwa kawaida hakufiki nusu saa.

Jongo: asidi ya yuriki huganda ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Huanza ghafla, kwa wekundu na joto kali. Bia, nyama nyingi na samaki wadogo kama ndagala huweza kuichochea kwa mwenye ugonjwa huo.

Seli mundu, upungufu wa damu na udhaifu wa tezi ya shingo: haya nayo huleta maumivu au uchovu, na hupimwa kwa damu.

Mtu anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Bibi mwenye magoti yaliyochakaa anaweza pia kuwa na fibromialjia, na kila moja hudai tiba yake.

Tahadhari na vidonge vya haraka

Pengine hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko maumivu yenyewe. Deksamethazoni na prednizoloni ni dawa zenye nguvu, na kwa baadhi ya magonjwa ya viungo daktari huziandika kwa kipimo na kwa muda maalumu. Lakini fibromialjia haziitibu. Mtu akizinunua mwenyewe na kuzimeza kwa miezi, zinaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, kudhoofisha mifupa na kufungua njia kwa maambukizi. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla, maana mwili huwa umepunguza kujitengenezea homoni inayofanana nazo. Amwone daktari apunguziwe hatua kwa hatua.

Diklofenaki na ibuprofeni nazo hazisaidii sana kwa fibromialjia, na zikizidi huumiza tumbo na figo.

Kinachosaidia

Mapendekezo ya madaktari wa Ulaya ya mwaka 2017 yalilipa jambo moja tu uzito wa juu kabisa: mazoezi ya mwili. Kwa anayeumwa, ushauri huo huonekana kama dhihaka, lakini siri yake imo katika kuanza kidogo. Dakika 5 za kutembea taratibu, jua likiwa bado halijachoma, zinatosha kwa wiki ya kwanza. Kisha ziongezwe polepole. Siku ya nafuu isigeuzwe kuwa siku ya kufua nguo za mwezi mzima, kwa kuwa kesho yake mwili hudai deni lake. Auzaye bidhaa sokoni afanye vivyo hivyo: agawe mzigo mara mbili, aketi kila baada ya muda, asingoje mpaka ashindwe kusimama.

Usingizi nao ni dawa: kulala na kuamka saa zilezile, na kuacha chai na kahawa jioni. Daktari anaweza kuongeza amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku, au duloksetini na pregabalini, zikiwepo na zikimfaa mgonjwa. Si dawa za kuazimana na jirani.

Kwa Waislamu, dini imemruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi. Mwenye kutumia dawa kila siku amuulize daktari kabla ya Ramadhani namna ya kupanga saa za kuzimeza.

Kujiandaa kumwona daktari

Tangu mwaka 2006 Burundi hutoa matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Mtu mzima mwenye maumivu sugu hamo katika mpango huo, hivyo kila safari ya hospitali ina bei yake. Ni vyema aanze na kituo cha afya kilicho karibu, na akihitaji uchunguzi zaidi aombe barua ya kumpeleka katika hospitali kubwa, kama vile Prince Régent Charles au ile ya chuo kikuu iliyoko Kamenge. Achukue kadi yake ya CAM au ya bima, pamoja na picha na majibu ya zamani, asije akalipia mara ya pili kipimo kilekile.

Mara nyingi daktari huandika kwa Kifaransa, na mgonjwa hueleza kwa Kiswahili au Kirundi. Kusema tu “mwili wote unauma” hakumpi daktari pa kuanzia. Mgonjwa na aandike wiki moja kabla: panapouma, maumivu yalianza lini, asubuhi hukakamaa dakika ngapi, kama kuna uvimbe, analala vipi, na amekwisha kumeza dawa gani, hata zile za mitishamba.

Asingoje mtu mwenye kiungo chekundu kilichovimba pamoja na homa, anayekonda bila sababu, aliyekufa ganzi miguuni au aliyeshindwa kuzuia mkojo. Hao waende hospitali siku hiyohiyo.

Neno kwa walio nyumbani

Fibromialjia haiui wala haipindishi viungo. Hata hivyo inaweza kuvunja ndoa, kazi na heshima ya mtu, iwapo walio karibu naye wanamhesabu mwongo. Mama aliyefagia ua jana na leo hawezi kuinua ndoo hajigeuzi. Ndivyo ugonjwa wake unavyokwenda, siku hupanda na siku hushuka. Kumpokea ndoo hiyo bila kumuuliza maswali ni sehemu ya matibabu yake, na haihitaji kadi ya bima.