Mti Alioutaja Babu

Marehemu babu, aliyezaliwa Unguja, alirithi kwa baba yake jina la mti wa Omani, alalani, bila ya kuuona mti wenyewe. Sisi wajukuu tukidhani ni hekaya. Majuzi nilipanda Jabal Akhdar, nikaipita mizeituni ya mwituni, na juu ya mita 2,000 nikaukuta: shina limepindika, majani madogo kama magamba. Niliupiga picha wote, kisha gome, kisha kitawi chenye vitunda. Zamani nilipiga maua peke yake, na mimea mingi sikuweza kuitambua baadaye.

Mfaransa Aucher-Éloy aliifika milima hii mwaka 1838 akikusanya na kukausha mimea. Mwaka huo huo alifariki Isfahan. Zilikuwa zama za Sayyid Said bin Sultan, wazee wetu wakivuka bahari kuyafuata mashamba ya karafuu. Laiti wangelijua kwamba mwangati wa Usambara ni wa jamii moja na alalani!

Shangazi aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mti ule unanukia. Sikuwa nimeunusa.