Wasikilizaji (magereza ya Uingereza)

Wasikilizaji ni wafungwa waliofunzwa kuwasikiliza wafungwa wenzao walioelemewa na huzuni, hofu au mawazo ya kujiua. Mpango huu ulianza mwaka 1991 katika gereza la Swansea, Wales, baada ya mvulana wa miaka 15 kujiua humo mwaka uliotangulia, kisha ukaenea katika magereza mengine ya Uingereza.

Mafunzo hutolewa na Samaritans, shirika la kujitolea lililoanzishwa London mwaka 1953 na kasisi Chad Varah. Mfungwa hufundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kuvumilia ukimya, na kutotoa ushauri wala hukumu. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mtu mwenye uchungu hutuvuta tumwambie la kufanya. Msikilizaji anaweza kuitwa hata usiku wa manane, na anayoambiwa huyaweka siri. Nguvu ya mpango imo humo: anayeogopa kuonekana dhaifu mbele ya askari humfungukia mwenzake anayelala nyuma ya kufuli kama yeye.

Hata hivyo, Msikilizaji si tabibu. Mgonjwa wa akili anahitaji daktari, na gereza lisiwatumie wafungwa hawa kuziba pengo la wauguzi.