Barafu ya machungwa na ndimu yenye tone la likeri: Kipimo ndicho siri

JOTO linapozidi, hasa katika maeneo ya Pwani kati ya Januari na Machi, hakuna kiburudisho kinachopendwa na wakubwa kwa wadogo kuliko barafu ya matunda iliyogandishwa kwenye kijiti. Wengi huinunua dukani au kwa wachuuzi, ilhali mtu yeyote mwenye friji yenye sehemu ya kugandisha anaweza kuitengeneza nyumbani kwa machungwa, ndimu, sukari na maji safi.

Kwa wageni watu wazima, baadhi ya wapishi huongeza likeri, yaani pombe tamu yenye ladha ya matunda au viungo. Kiungo hicho huipa barafu harufu nzuri na kuifanya iwe laini mdomoni. Hata hivyo, kinahitaji uangalifu, kwa kuwa kikizidi barafu haigandi, na baridi ya friji haiondoi kileo hata kidogo.

Chimbuko la barafu ya kijiti

Uvumbuzi wa barafu ya kijiti huhusishwa na Mmarekani Frank Epperson. Inasimuliwa kwamba mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 11, aliacha nje usiku wa baridi kikombe cha maji yaliyochanganywa na unga wa soda, kijiti cha kukorogea kikiwa ndani. Asubuhi alikuta kinywaji kimeganda. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1924.

Desturi ya kupoza maji ya matunda yenye sukari ni kongwe zaidi. Neno la Kiswahili sharubati lina asili ya Kiarabu, na katika mzizi huohuo ndimo yalimotoka majina ambayo mataifa ya Ulaya hutumia kwa barafu ya matunda isiyo na maziwa.

Likeri za jamii ya machungwa nazo zina historia yake. Cointreau ilianza kutengenezwa mjini Angers, Ufaransa, mwaka 1875 kwa maganda ya machungwa matamu na machungu, na ina kileo cha asilimia 40. Limoncello ya kusini mwa Italia hutengenezwa kwa kuloweka maganda ya malimau katika spiriti, na kwa kawaida kileo chake ni takriban asilimia 30.

Kwa nini kileo huzuia kuganda

Maji huganda yakifika sifuri ya Selsiasi. Kileo halisi hakigandi hadi nyuzi 114 chini ya sifuri, ilhali friji nyingi za nyumbani hugandisha kwa nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Ndiyo maana chupa ya pombe kali hukaa humo bila kuganda. Sukari nayo huchelewesha kuganda, na likeri ina sukari nyingi pamoja na kileo.

Ili kujua nguvu ya mchanganyiko, zidisha kiasi cha likeri kwa asilimia yake ya kileo, kisha gawanya kwa ujazo wote. Mathalan, mililita 30 za likeri ya asilimia 40 zina mililita 12 za kileo halisi. Zikiwa ndani ya mchanganyiko wa mililita 640, nguvu yake ni karibu asilimia 2, na barafu itaganda vizuri. Mpishi akimimina glasi nzima ya mililita 200, nguvu hupanda hadi karibu asilimia 10, na atakachopata ni rojo linaloteleza kijitini. Ni vyema kutovuka asilimia 5.

Mahitaji

Kwa barafu 8 za mililita 80 kila moja, tayarisha machungwa 6 au 7 yatakayotoa mililita 400 za maji ya matunda, ndimu 3 za kutoa mililita 60, limau 1 kwa ajili ya ganda lake, gramu 80 za sukari, mililita 100 za maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo sana, na vijiko 2 vya mezani vya likeri ya machungwa, yaani mililita 30.

Machenza yanaweza kuchukua nafasi ya machungwa. Anayependa uchungu kidogo anaweza kutumia balungi, lakini tunda hilo hutatiza utendaji wa baadhi ya dawa, zikiwemo dawa kadhaa za kupunguza lehemu mwilini. Anayetumia dawa amuulize daktari kwanza.

Jinsi ya kutayarisha

Osha matunda yote vizuri. Kwaruza ganda la limau ukichukua sehemu ya juu ya rangi pekee, kwani utando mweupe ulio chini yake ni mchungu. Sugua ganda hilo pamoja na sukari kwa vidole hadi sukari inukie.

Tia sukari hiyo na maji katika sufuria, weka motoni na ukoroge hadi iyeyuke. Ipua na uache ipoe kabisa. Kamua machungwa na ndimu katika bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Epuka chombo cha alumini, kwa sababu ukali wa ndimu huathiri madini hayo na kuharibu ladha. Changanya na maji ya sukari, tia chumvi, kisha chuja.

Onja. Mchanganyiko unafaa kuwa mtamu kidogo kuliko sharubati ya kawaida, kwa kuwa baridi hupunguza utamu ulimini.

Likeri huongezwa mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa, maana joto hupeperusha harufu yake. Usitumie likeri yenye maziwa au malai, kwa kuwa ndimu itaifanya ikatike.

Mimina katika vikombe vidogo au kalibu maalumu, ukiacha nafasi kidogo juu kwa sababu maji hutanuka yakiganda. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili, mchanganyiko ukianza kuwa mzito, chomeka vijiti. Acha usiku kucha. Unapotaka kuitoa, chovya chombo katika maji ya vuguvugu kwa sekunde chache.

Tahadhari kwa watoto na wageni

Hatari kubwa ya barafu hii ni kwamba utamu na baridi huficha kileo. Mtoto hawezi kuitofautisha na barafu ya kawaida, na kileo huweza kushusha kiwango cha sukari katika damu ya mtoto mdogo kwa kasi. Barafu zote 8 za kipimo kilichotajwa zina kileo kinachozidi kidogo nusu ya kile kilicho katika chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 4. Kwa mtu mzima hicho ni kiasi kidogo. Kwa mtoto atakayefungua friji na kula kadhaa, sivyo.

Kwa hivyo, tengeneza kwanza barafu za watoto bila kileo. Za watu wazima zitumie vikombe vya umbo tofauti na vijiti vilivyopakwa rangi, zifunikwe, ziandikwe na ziwekwe mahali watoto hawafiki. Kila mgeni aelezwe kilichomo kabla ya kuonja, kwani wapo wanaojiepusha na pombe kwa sababu ya dini, ujauzito, dawa au kuendesha gari. Kwao, tangawizi iliyotwangwa, iliki au majani ya mnanaa huleta ladha nzuri bila tone la kileo.

Kadhalika, baridi haiui viini vyote. Maji machafu yakigandishwa hubaki kuwa hatari, na barafu ya aina hiyo huweza kueneza kipindupindu. Chemsha maji kila mara, na ikiwa umeme umepotea hadi barafu ikayeyuka na kupata joto, itupe badala ya kuigandisha tena.

Asili ya pombe yenyewe ni jambo la kuzingatia. Februari 2024, watu 17 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kubugia pombe haramu. Methanoli, sumu ambayo imewahi kupatikana katika vinywaji vya aina hiyo, haiondolewi na friji wala ndimu. Nunua likeri katika duka lenye leseni na uhakikishe chupa ina stempu ya ushuru.

Hatimaye, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kuuza kileo bila leseni, na pia kumuuzia mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Anayetaka kufanya biashara ya barafu mtaani basi auze zile za matunda matupu.