Hipokloriti ya kalisi

Hipokloriti ya kalisi ni kampaundi ya kikemia yenye fomula Ca(ClO)₂. Ni unga au chembechembe nyeupe au za kijivu hafifu, zenye harufu kali ya klorini. Hutumika kuua vijidudu katika maji ya kunywa, visima, mabwawa ya kuogelea na wodi za wagonjwa wa kipindupindu. Katika Afrika ya Mashariki hujulikana zaidi kama klorini ya unga, au HTH kutokana na jina la kibiashara lililozoeleka kwenye ndoo zake.

Kampaundi hii ni kioksidishaji chenye nguvu. Yenyewe haiungui, lakini hutoa oksijeni na joto, na kwa hiyo inaweza kuwasha vitu vingine pasipo kiberiti wala cheche. Katika mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa bidhaa za hatari imo katika daraja 5.1, na ile iliyo kavu na yenye nguvu kubwa hupewa namba UN 1748.

Nguvu yake

Ubora wa bidhaa za klorini hupimwa kwa asilimia ya klorini inayoweza kufanya kazi. Hipokloriti ya kalisi inayouzwa madukani huwa na asilimia 65 hadi 70. Jiki ya nyumbani, ambayo ni myeyusho wa hipokloriti ya natiri, kwa kawaida huwa na asilimia 3 hadi 5 tu. Ndiyo maana mahali palipozuka kipindupindu hupelekwa unga: ndoo moja hufanya kazi ya madumu mengi ya jiki, na haipotezi nguvu haraka kama myeyusho. Lakini nguvu hiyohiyo iliyokusanyika ndani ya ndoo ndogo ndiyo inayoifanya iwe hatari stoo.

Historia

Mtangulizi wake ni chokaa ya klorini, iliyopatiwa hataza mwaka 1799 na Charles Tennant wa Glasgow, Uskoti, ili kung'arisha nguo. Ilitengenezwa kwa kupitisha gesi ya klorini juu ya chokaa iliyozimwa. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wa wodi ya wazazi mjini Vienna kunawa mikono kwa maji yenye chokaa hiyo, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Mwaka 1908 mji wa Jersey City nchini Marekani ulianza kuitia katika maji ya mabomba yake kwa ushauri wa daktari John L. Leal. Hipokloriti ya kalisi yenye nguvu kubwa, inayotumika leo, ilikuja kuuzwa baadaye katika karne ya 20.

Hatari ya joto

Hipokloriti ya kalisi huvunjika polepole hata ikiwa imefungwa vizuri, na kuvunjika huko hutoa joto. Katika ndoo ndogo iliyo mahali penye hewa joto hilo hutoka nje bila madhara. Katika mapipa makubwa, au ndoo nyingi zilizobanana, joto la katikati hukosa njia ya kutokea. Kadiri linavyopanda, dawa huvunjika kwa kasi zaidi na kutoa joto zaidi, mpaka mwishowe hutokea moto au mlipuko. Unyevunyevu na uchafu huharakisha jambo hilo.

Mfano unaojulikana ni wa meli ya makontena Aconcagua, iliyolipukiwa tarehe 30 Desemba 1998 ikitoka Korea Kusini kwenda Chile. Kontena la hipokloriti ya kalisi lilikuwa limepangwa chini kando ya tangi la mafuta mazito, na tangi hilo lilipashwa moto safarini, kama inavyofanywa ili mafuta hayo yaweze kusukumwa na pampu. Kesi yake ilifikishwa mahakamani London zaidi ya miaka 10 baadaye.

Stoo ya kijiji haina tangi la mafuta mazito, lakini bati lisilo na dari chini ya jua la mchana ni chanzo cha joto cha kutosha kutiliwa maanani.

Uhifadhi

Dawa hii huhifadhiwa mahali pakavu, penye kivuli na hewa inayopita, katika chombo chake cha awali chenye lebo. Ndoo huwekwa juu ya chaga, si sakafuni, na hazipangwi hadi kufika darini. Chaga za plastiki ni bora kuliko za mbao, kwa sababu mbao huungua. Mvuke wake hutafuna chuma, hivyo haifai kuwekwa chumba kimoja na pampu, nyaya za umeme au vifaa vya maabara.

Kosa la kawaida katika mitambo midogo ya maji ni kuweka klorini na shabu pamoja, kwa kuwa zote mbili ni "dawa za maji". Shabu ikipata unyevu huwa na asidi, na asidi ikikutana na hipokloriti hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini, hasa ndani ya mashimo. Kosa la pili ni kuiweka jirani na dizeli, grisi au rangi za jenereta na pampu. Mafuta ya breki yakimwagikia unga huu huweza kuwaka moto baada ya muda mfupi.

Haichanganywi kamwe na aina nyingine ya klorini, hata kama lebo zote zimeandikwa "klorini". Ikichanganyika na vidonge vya bwawa la kuogelea vyenye asidi ya trikloroisosianuriki, hasa vikiwa na unyevu, huweza kulipuka. Vilevile haiwekwi pamoja na amonia, mbolea au dawa za kusafishia choo zenye asidi.

Matumizi

Unga hutiwa ndani ya maji; maji hayamwagwi juu ya unga, kwa sababu maji kidogo juu ya unga mwingi huchemka na kuruka. Anayechanganya huvaa glavu, miwani ya kinga na barakoa, tena hufanya kazi hiyo nje au penye upepo. Kijiko huwa cha plastiki, safi na kikavu. Chokaa isiyoyeyuka huachwa itulie chini, kisha hutumika maji ya juu yaliyo safi.

Kwa dawa yenye asilimia 65, tangi la lita 10,000 linalohitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita hutiwa takriban gramu 31. Shirika la Afya Duniani hupendekeza ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Katika vituo vya kipindupindu, maji ya kunawa mikono huwa ya asilimia 0.05 (gramu 7 hadi 8 kwa lita 10), na ya kusafishia sakafu na vyoo huwa ya asilimia 0.5 (gramu hizohizo kwa lita 1). Kwa kuwa tofauti ni mara 10 na maji yote mawili yanafanana kwa macho, kila ndoo huandikwa.

Ajali

Unga uliomwagika hufagiwa kwa kifaa safi na kikavu. Haufutwi kwa tambara wala maranda, haurudishwi ndooni na hautupwi kwenye pipa la taka, maana huko unaweza kukutana na karatasi au mafuta. Kiasi kidogo huyeyushwa katika maji mengi.

Moto wake huzimwa kwa maji mengi sana kutoka mbali. Kizimamoto cha gesi ya kaboni dayoksaidi hakisaidii, kwani dawa hujitolea oksijeni yenyewe, na vile vya unga wenye chumvi za amonia huongeza hatari ya mlipuko.

Aliyeingiwa na dawa machoni husafishwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hupelekwa hospitali. Aliyevuta gesi hutolewa kwenye hewa safi. Aliyeimeza halazimishwi kutapika.

Ndoo tupu hugombaniwa sana majumbani kwa kuwa ni imara na zina mfuniko mzuri. Zinapaswa kusuuzwa kwa maji mengi mpaka harufu iishe, lebo zitolewe, na hata hivyo zisitumike kuwekea chakula wala maji ya kunywa.